Kunguni wa Ploti ya Mama Wanjiru

Kuna siku moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na sidhani itanitoka sasa, hata kama majina ya majirani yananipotea kila asubuhi. Ni siku niliyomwona mama mzima, mwenye ploti yake na mabati yake, akikemewa na mama yake mzazi mbele ya wapangaji, pale kwenye mfereji wa maji, nasi tumeshika madebe yetu hatujui tuangalie wapi. Nimekuita ukae hapa nikusimulie kwa sababu ya maneno uliyosema juzi ukinywa chai yangu. Ulisema mpangaji wako wa chumba cha mwisho kule Gitothua analalamika ana kunguni, nawe ukamjibu kwamba ploti yako haikuwa na kunguni mpaka yeye alipohamia, na kama hapendi ahame. Halafu ukacheka. Mimi sikucheka, lakini hukuona, maana mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, binti ya Zakayo wangu. Kwa umri huu wangu kila mtu ni mwanangu, hata chifu. Kaa vizuri basi. Na hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Mimi nilikuja Thika miaka ya hamsini, msichana mdogo tu, nimeolewa na babu yako Jafeth na nimemzaa baba yako. Jafeth alikuwa ametangulia. Alipata kazi kwenye kiwanda cha nanasi, akawa analala chumba kimoja na wanaume wengine wa kwetu, kila mmoja na sanduku lake chini ya kitanda. Mimi nilibaki Bunyore kwa mama mkwe. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hakuna msichana anayeolewa ili akaishi na mama mkwe. Usiku nilikuwa namwambia mtoto, baba yako atatuita, baba yako anatafuta chumba. Na kweli alikuwa anatafuta. Vyumba vya watu wenye familia vilikuwa shida siku zile. Hali ya Hatari ya wakoloni ilikuwa imeanza kulegea, lakini mambo mengi bado yalikuwa ya vibali na maswali, na mwenye ploti hakutaka kumpangisha mtu asiyemjua.

Siku barua ilipofika kwamba chumba kimepatikana, niliruka mpaka mama mkwe akaniambia nitulie, nitaanguka na mtoto. Nilipanda gari la moshi, Zakayo mgongoni, kuku mmoja kapuni, na mkeka umefungwa kwa kamba. Huo mkeka aliusuka mama yangu kwa ajili ya harusi yangu. Ukumbuke huo mkeka, nitaurudia.

Chumba chenyewe kilikuwa Majengo, kwenye ploti ya Mama Wanjiru. Vyumba vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, mabati juu. Lakini ukuta kati ya chumba na chumba haukufika kwenye mabati. Ulipanda mpaka juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu ukaishia hapo, na juu yake palikuwa wazi. Jirani akipiga chafya unamwombea heri bila kuinuka kitandani. Mkigombana na mume wako, kesho wanawake wanakupa pole kwenye mfereji. Tulizoea. Mimi nilipoona kitanda cha kamba, meza, dirisha lenye mlango wa mbao, na mume wangu amesimama katikati akicheka kama mtoto, nilisema hapa ni mbinguni.

Mama Wanjiru mwenyewe alikaa chumba cha kwanza, karibu na geti. Alikuwa Mkikuyu, mjane. Mume wake aliijenga ile ploti kwa mikono yake akafa kabla haijamlisha, akamwachia mke na mabinti wawili wa shule. Kila kitu chao kilitoka kwenye vile vyumba. Mama huyo hakuwa mtu wa kelele, ila alikuwa mkali kwa jambo moja: maji. Mfereji ulikuwa mmoja, uani, umefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la lesso yake. Alifungua asubuhi na alifungua jioni. Kila chumba madebe mawili, basi. Ukitaka la tatu unamwambia sababu, na sababu nyingi hazikumtosha. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Kabla ya kufuli, watu wa ploti za jirani walikuwa wanakuja na ndoo mchana akiwa sokoni, na bili ilikuwa yake peke yake.

Basi, hatujakaa sana, baba yako akatokwa na vipele. Mikono, shingo, mashavu. Analia usiku, mchana analala kwa uchovu. Nikasema ni surua, Yesu wangu, mtoto wangu wa kwanza na niko mbali na mama. Nikambeba kwa jirani yangu wa ukuta wa kulia, Mama Nyaboke, Mkisii mmoja mpole sana, mtu wa Sabato. Akamfunua mtoto, akamwangalia, akaenda kufunga mlango kwanza ndipo akanijibu.

"Hii si surua," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hii ni kunguni."

"Kunguni wametoka wapi?"

"Shh! Usiseme kwa nguvu. Toa kitanda nje, mwagia maji moto kwenye kamba na kwenye viungo vya mbao, anika juani. Mtu akikuuliza, sema mtoto amekojoa."

Mwanangu, kunguni ilikuwa aibu. Mtu angeweza kusema hadharani kwamba ana malaria, ana deni, hata kwamba mume wake anakunywa. Kunguni, hapana. Kunguni walimaanisha wewe ni mchafu na mama yako hakukufundisha kitu. Kwa hiyo nikanyamaza, nikafanya kama nilivyoambiwa. Nilifanya Jumamosi mchana, kwa sababu Jumamosi Jafeth alitoka kazini mapema akanisaidia kubeba kitanda, na Jumapili sisi tulikuwa kanisani kutwa nzima. Mama Nyaboke hakuweza kufanya Jumamosi, hiyo ilikuwa Sabato yake, hata kuinua kiti hainui. Yeye alifanya Jumapili. Jirani wa ukuta wa kushoto, kijana mmoja wa Machakos aliyeitwa Mutiso, hakuwa na mke na hakuwa na kanisa, alifanya siku aliyokumbuka. Nikimuuliza Mutiso mbona ameanika blanketi, ananiambia mtoto amekojoa. Mtoto yupi, Mutiso? Anacheka anaingia ndani.

Umeshaona ujinga wetu? Sisi hatukuuona. Mimi nikimwaga maji moto Jumamosi, wale waliobaki kwenye nyufa za ukuta wanapanda juu pale palipo wazi, wanashukia kwa Mama Nyaboke. Jumapili Mama Nyaboke anawamwagia maji, wanarudi kwangu kunikaribisha kutoka ibadani. Na maji yenyewe yalikuwa ya kupima. Utoe maji ya kupika, ya kunywa, ya nepi za mtoto, halafu ubaki na ya kumwagia kitanda? Tulikuwa tunanyunyiza tu. Ukuta hatukuugusa kabisa. Kwa hiyo kila wiki sote tulifanya kazi na kila wiki sote tuliumwa, na kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Habari ikamfikia Mama Wanjiru. Sijui nani alimwambia, na sitaki kujua. Alikuja asubuhi wakati wa maji, tukiwa tumepanga foleni.

"Mama Zakayo," alisema, "hii ploti haikuwa na kunguni. Umeleta wewe, na ule mkeka wako wa reserve."

Reserve ndivyo walivyoita kwetu mashambani. Nikamwangalia Mama Nyaboke aseme neno moja tu, kwamba na kwake wapo. Akaangalia ndani ya debe lake. Wengine nao wakaangalia ndani ya madebe yao. Mama Wanjiru akasema mwezi ukiisha nitoke na vitu vyangu.

Mchana huo niliuchoma mkeka. Niliuburuta mpaka nyuma ya choo nikauwasha moto, na nilipoona rangi zile mama alizozipanga zinajikunja, nililia mpaka nikakosa pumzi. Jafeth aliporudi nikamwambia aende amwambie Mama Wanjiru mkeka umeisha. Alikwenda. Alirudi. Alisema yule mama amejibu kwamba kunguni wameshazaliana, mkeka hausaidii tena. Siku zilizofuata alitoka kazini akazunguka Majengo yote akitafuta chumba. Hakupata. Mwishowe akaniambia huku ameniangalia miguu, si uso, kwamba labda nirudi Bunyore kwanza, yeye arudi kwa wenzake, halafu tutaona. Kulikuwa na wanawake wengi kwetu walioambiwa "tutaona". Wengine walizeeka nalo hilo neno. Nilimwambia sawa, halafu nikamgeuzia mgongo nikamnyonyesha mtoto ili asione machozi.

Baada ya kuuchoma mkeka, kunguni hawakupungua hata mmoja. Nililijua hilo, Mama Nyaboke alilijua, Mutiso alilijua. Hakuna aliyelitamka.

Sasa ndipo anakuja Cucu. Cucu ni nyanya, unajua, kwa Kikuyu. Huyu alikuwa mama yake mzazi Mama Wanjiru, anakaa Gitothua kule Ruiru, mkulima. Alikuwa haji mara nyingi, kwa sababu ya vibali na kwa sababu ya mbuzi zake, lakini alipokuja alikuja na basi, kiondo kimejaa viazi vitamu na ndizi, amevaa sweta ya kijani iliyotoboka kwenye viwiko. Mwanamke mfupi, hana meno mengi, anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Alifika jioni akatusalimia mmoja mmoja. Alimshika mtoto wangu mashavu, akaona vile vipele. Akaenda kulala kwa binti yake.

Asubuhi tulikuwa kwenye mfereji kama kawaida. Mama Wanjiru anafungua kufuli. Mlango wake ukafunguka, Cucu akatoka, sweta haijafungwa vifungo, akatembea mpaka katikati yetu. Alijua Kiswahili kidogo cha sokoni, na siku hiyo alikitumia chote. Nadhani alifanya makusudi ili sisi sote tusikie, maana yeye na binti yake wangeweza kusemezana kwa Kikuyu.

Akakunja mkono wa sweta mpaka begani. Mkono ulikuwa umevimba kutoka kiwiko mpaka juu, mstari mzima.

"Wanawake," akasema, "mimi nimekuliwa usiku yote. Nani mwingine amekuliwa? Toa mkono."

Maji tu yanaingia kwenye debe.

"Maitu, tafadhali," Mama Wanjiru akamwambia mama yake, "twende ndani."

"Ndani gani? Ndani ndiko nimekuliwa. Kitanda yako nanuka mafuta ya taa kama duka ya Mhindi. Unapaka mafuta ya taa ya nini, Wambui?"

Wambui ndilo lilikuwa jina lake la nyumbani. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita hivyo. Alisimama na ufunguo mkononi.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Sikusema neno, nilikuwa naogopa kusema, lakini nilimtoa baba yako mgongoni nikamkunja ule mkono wake mdogo wa gauni, nikauinua juu. Cucu akatikisa kichwa. Halafu nikasikia debe linawekwa chini. Ni Mama Nyaboke. Alifungua kitambaa shingoni akaonyesha, huku anatazama chini. Halafu mwingine, halafu mwingine. Mutiso, ambaye alikuwa anapita kwenda kazini, akasimama, akavuta kola ya shati lake. "Hata mimi, Cucu," akasema, "na sina mtoto wa kukojoa." Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha haya.

"Na huyu msichana ndiye unafukuza?" Cucu akaniashiria.

"Amewaleta yeye, maitu. Na mkeka wake."

"Wacha, wacha! Mimi nilikuja hapa Krismasi. Huyu alikuwa kwao, hata hajui Thika iko upande gani. Nililala kwa kitanda hiyo hiyo, ikanuka mafuta ya taa hiyo hiyo, nikakuliwa. Nikanyamaza. Nikasema ni mtoto wangu, nitamwaibisha aje? Hiyo ni makosa yangu, na leo namaliza. Na wewe umenyamaza. Na hawa wamenyamaza. Sasa kunguni anakula watu vyumba sita na hakuna mwenye kunguni!"

Mama Wanjiru akaanza kulia. Ngai, mwanangu, mimi niliyekuwa nimemchukia mpaka kifua kinauma, nilitamani kumshika. Alisema maneno kwa vipande. Alisema aliogopa bwana afya, yule mkaguzi wa usafi wa serikali. Alikuwa amesikia ploti moja imefungwa kwa ajili ya wadudu, wapangaji wote wakaondoka, mwenye nyumba akabaki na kuta. Alisema kila usiku alikuwa anapaka mafuta ya taa kwenye miguu ya kitanda cha mabinti zake akiomba Mungu wasiseme shuleni. Alisema nilipokuja na mkeka alijiambia labda ni mimi, na alipojiambia mara nyingi akaamini.

Cucu alimwacha alie. Halafu akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Maitu, maji ya mwezi huu…"

"Lete."

Akapewa. Akauliza, kitanda huoshwa siku gani hapa? Tukaanza kueleza. Mimi Jumamosi. Mama Nyaboke Jumapili kwa sababu ya Sabato. Huyu Jumatatu. Mutiso akikumbuka. Cucu akatusikiliza wote, halafu akapiga makofi mara moja na kucheka na yale meno yake machache.

"Kunguni hana kanisa!" akasema. "Jumamosi anaenda kwa huyu, Jumapili anarudi kwa huyu. Mnamsindikiza! Leo ni Jumatano. Jumatano hakuna mtu ana kanisa. Toeni vitanda. Vyote. Na ya Wambui kwanza."

Siku hiyo, mwanangu! Sijawahi kuona uani umejaa namna ile. Mutiso alimwachia Cucu ufunguo wa chumba chake akakimbilia kazini, na chini ya kitanda chake tulikuta magazeti ya tangu sijui lini, kila ukurasa una wakazi wake. Tulichoma yote. Mfereji ulikuwa wazi kutwa, maji yanakwenda, mapipa yanachemka kwenye mawe, wanawake wa dini zote wanamwaga maji moto kwenye kamba na kwenye nyufa. Mama Nyaboke alikuwa anaimba. Mama Wanjiru alikunja lesso kiunoni akakanyaga udongo na samadi na majivu kwa miguu yake mwenyewe, akaziba nyufa chumba kwa chumba, na alipofika kwangu aliziba mpaka nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu angeona. Jioni wanaume walirudi wakakuta hawana pa kulala, vitanda viko nje vinakauka. Walilala kwenye magunia na hawakuthubutu kulalamika, Cucu alikuwa bado yupo.

Na bwana afya? Cucu alimlazimisha binti yake aende kumwita mwenyewe. Alikwenda. Bwana afya akaja na pampu yake, akapuliza dawa kila chumba mpaka juu ya kuta, akatuambia turudie kuchemsha baada ya wiki mbili, wote pamoja, akapanda baiskeli akaenda zake. Ile hofu iliyomkosesha yule mama usingizi ilikwisha kwa muda wa kuchemsha chai.

Tulirudia, Jumatano. Na tena. Kunguni wakaisha.

Kuhusu kuhama, Mama Wanjiru hakuniambia samahani kwa mdomo. Watu wa wakati ule hatukuwa wepesi wa hilo neno. Ila mwezi ulipokwisha alikuja mlangoni kwangu, akasimama, akaniambia ameweka msumari ukutani karibu na mfereji, na kwamba ufunguo utakaa hapo, kila mpangaji achukue maji anayohitaji na afunge. Halafu akanipa kitu kimefungwa kwa gazeti. Ulikuwa mkeka, mpya, wa sokoni. Haukuwa mzuri kama wa mama. Niliulalia mpaka ukaisha.

Jafeth aliposikia nabaki, alikaa kitandani akashika kichwa. Nilidhani anaumwa. Kumbe analia, mjinga yule, wakati mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naogopa.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa naenda tangu mwanzo.

Ukipokea kodi ya mtu, umepokea na usingizi wake. Maji ni yako kuyaleta, ukuta ni wako kuuziba, paa ni lako. Tundu ambalo panya anapitia ulilijenga wewe au fundi wako, usimuulize mpangaji limetoka wapi. Mtu akija kukwambia kuna wadudu, mshukuru. Huyo ndiye rafiki yako kwenye ile ploti, kwa sababu wengine wameumwa wamenyamaza. Kabla hujamwambia ni yeye amewaleta, gonga milango yote, uulize, na uanze na kitanda chako mwenyewe. Mara nyingi mwenye kosa hapatikani, na hakuna haja apatikane. Mimi mpaka leo sijui kunguni wale walitoka wapi. Mkeka wangu ulikwisha motoni na sijui.

Na kijana anayepanga, maana najua utamsimulia, mwambie hivi: usifiche. Siku ya kwanza ukiona doa la damu kwenye shuka, sema siku hiyo hiyo, usingoje mpaka mtoto wa jirani aumwe. Chumba umekodisha lakini ukuta ni wenu wote. Toa takataka zako, usirundike magazeti chini ya kitanda kama Mutiso. Maji ukiachiwa wazi usiyachezee, kuna mtu anayelipa bili na huenda ana watoto wa shule. Na ukiambiwa leo tunatoa vitanda, usiniletee habari ya siku yako ya kanisa.

Tena usione haya kwa kitu ambacho kila mtu anacho. Haya ndiyo iliyokaribia kunirudisha Bunyore, wala si wale wadudu. Kama Cucu angekunja mkono wake chumbani badala ya uani, mimi ningepanda gari la moshi na baba yako mgongoni, na Jafeth angesema tutaona. Unafikiri ungekuwa umezaliwa wewe? Na hicho kishamba cha Gitothua ulichojengea vyumba vyako, unajua tulikipataje? Ni Cucu aliyetuambia, miaka baadaye, kwamba jirani yake anauza. Alisema anataka watu anaowajua. Alisema yule msichana aliyeinua mkono wa mtoto, mpeni huyo. Ndiyo, mwanangu. Yule mpangaji wako analala juu ya udongo huo na unamwambia ahame.

Nimeuliza, nimeambiwa ana mtoto mchanga.

Kwa hiyo Jumatano nakuja. Nimeshamwambia baba yako anilete. Usinitandikie kwako, nitalala chumba cha mwisho, kwa huyo mama, kama atanikubali, na asubuhi nitakutana na wewe na wapangaji wako wote kwenye mfereji. Nitavaa sweta ya mikono mirefu. Chemsha maji mengi.

Mungu akubariki, mtoto wa Zakayo. Akupe vyumba vilivyojaa na watu wanaolala. Akupe wapangaji wasiokuogopa, na moyo wa kusikia mlango ukigongwa. Watoto watakaozaliwa kwenye ploti yako waamke na ngozi safi, na siku moja wakiwa wazee wakutaje kwa jina zuri, kama mimi ninavyomtaja Cucu. Haya, nipe hiyo chai, imeshapoa.